Simbilisi wangu wanaamka wamelowa na mvua haijanyesha. Nakosea wapi?

SiliniMwili
Wakuu habari zenu. Nina simbilisi wawili, majike, wa tumbo moja, wana mwaka na nusu sasa. Wanakaa nje kwenye banda la mbao la vyumba viwili: kimoja kina wavu mbele, kingine cha kulala kina mlango wa mbao. Tangu baridi ianze, kila jioni nalifunika banda zima kwa turubai na kulikaza kwa kamba mpaka chini, upepo usipenye hata kidogo. Ndani nimetandika gazeti, juu yake maranda, na taulo kuukuu walalie kitu laini.

Sasa asubuhi nikifunua nakuta matone yananing'inia darini kwa ndani, taulo limelowa chapachapa, na manyoya ya tumboni yamegandana. Mvua hamna! Leo mmoja kapiga chafya mara tatu nikiwa nimesimama pale pale. Usiku joto linashuka mpaka nyuzi 5 hivi. Mume wangu anasema wana manyoya, niwaache. Mimi usingizi siupati. Naombeni ushauri.

MzeeWaWavu
Mumeo yuko sahihi. Hao asili yao ni Milima ya Andes, baridi wanaijua kuliko wewe. Mimi nafuga nje miaka yote. Ukiwadekeza ndipo wanapougua.

BandaKavu
Dada, tatizo lako ni hilo turubai. Wanyama wawili wanapumua usiku kucha na kukojoa humo humo. Hewa yenye mvuke inapanda, inakutana na mbao za baridi, inageuka maji, inawadondokea. Umewafungia kwenye sufuria yenye kifuniko.

Kuna na jambo baya zaidi ya maji. Mkojo uliolala unatoa amonia, na amonia inachoma macho na njia ya hewa. Kesho asubuhi, kabla hujafunua, inua pembe moja ya turubai uingize pua yako usawa wa sakafu, pale wanapolala wao, siyo usawa wa kichwa chako. Pua ikikuwasha, hapo umepata jibu la zile chafya.

Turubai lifunike juu, nyuma na ule ubavu unaopigwa na upepo. Mbele literemshe, ila acha uwazi wa upana wa kiganja kule juu ili mvuke utoke. Upepo unaowapiga mwilini ni adui, lakini hewa inayopita juu ya vichwa vyao ni lazima iwepo. Watu wengi tunachanganya hivi viwili.

Na taulo toa leo. Kitambaa kinanyonya mkojo na kuushikilia pale pale kwenye tumbo.

MamaSungura2
Kuongezea hapo: weka nyasi kavu, zile laini za kula, na usiweke kwa ubahili. Kile chumba cha kulala kijaze kabisa mpaka usiwaone, watachimba njia zao wenyewe. Mabua magumu nayo yanatunza joto, ila ncha zake zinachoma macho, mimi situmii. Kipimo changu ni cha mkono: nautumbukiza hadi kwenye gazeti na kubonyeza. Vidole vikitoka na unyevu, natoa ile sehemu yote, siweki nyasi mpya juu ya mbichi.

Halafu hebu tuambie, miguu ya banda iko juu ya nini? Likikaa chini udongoni, unyevu unapanda kwenye sakafu hata ufanye nini. Weka tofali kila pembe.

NyuziKumiNaTano
@MzeeWaWavu kwa heshima zote mzee wangu, hiyo hoja ya Andes huwa inanichosha. Ni kweli wametoka huko, lakini huko huko watu wamewafuga ndani ya nyumba, jikoni karibu na moto. Na ndugu zao wa porini hawalali juu ya mbao zenye upepo, wanajificha kwenye majani mazito na mashimo.

Simbilisi anakuwa vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 23. Likishuka chini ya 15 ni wakati wa kufikiria kuwahamisha. Nyuzi 5 usiku kucha, tena wamelowa? Waingize ndani dada.

SiliniMwili
Asanteni sana. Banda liko chini kabisa, halina hata jiwe. Kuingiza nyumbani siwezi, mwanangu ana pumu na zile nyasi zinamkaba. Ila kuna stoo ya zana nyuma ya nyumba, ina dirisha dogo. Gereji nayo ipo, ni pana zaidi.

BandaKavu
Stoo, tena leo leo. Gereji kama gari linawashwa humo, hapana kabisa, ule moshi unaua. Stooni waachie lile dirisha mwanga uingie, na uondoe dawa za wadudu na makopo ya rangi.

FundiTaa
Mimi niliwahi kuwawekea taa ya joto. Siku ya tatu nikakuta waya umetafunwa hadi shaba inaonekana. Namshukuru Mungu ilikuwa imezimwa. Tangu hapo situmii kitu chochote cha umeme. Najaza chupa ya plastiki maji ya moto, siyo yanayochemka, naivisha soksi nene na kuilaza upande mmoja tu wa chumba. Anayeona joto linamzidi anasogea. Ukikuta soksi imetafunwa, badilisha.

Chupa yao ya kunywea pia ivishe soksi. Usiku wa baridi kali maji huganda kwanza kwenye kile kibomba, chupani unaona yapo na wanyama wana kiu. Gusa kile kigololi kwa kidole asubuhi na jioni, uone kama tone linatoka.

TabibuWaWadogo
Natibu wanyama, kwa hiyo niongelee chafya. Moja moja inaweza kuwa vumbi la maranda. Lakini ukiona ute puani, macho yana gamba, pumzi ina mlio, au kajikunja pembeni manyoya yamesimama, mpeleke siku hiyo hiyo. Simbilisi aliyegoma kula nusu siku tayari ni dharura, maana utumbo wake ukisimama haurudi kirahisi.

Tafadhali usimpe dawa iliyobaki ya binadamu. Penisilini na amoksilini, hata za kunywa kidogo, zinavuruga bakteria wa tumboni mwake na zinaweza kumuua.

Wapime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Chini ya yale manyoya huwezi kuona anavyokonda. Na kwa kuwa hawatengenezi vitamini C mwilini, nyasi kavu peke yake haitoshi: wanahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Pilipili hoho inafanya kazi nzuri. Vitamini C yenyewe usiitie kwenye maji ya kunywa, inaharibika upesi.

SiliniMwili
Mrejesho baada ya siku nne. Wako stooni, banda liko juu ya matofali, taulo nimetupa. Asubuhi ya leo nimetia mkono mpaka chini: gazeti kavu, na pale katikati walipokuwa wamelala kuna joto kama la mkate. Chafya hamna tangu juzi. Mmoja ana gramu 910, mwingine 870. Swali moja tu: mchana naweza kuwatoa kwenye majani?

MamaSungura2
Unaweza, umande ukishakauka na pasiwe na upepo. Kabla ya kuwarudisha, wapanguse tumbo na nyayo.

MzeeWaWavu
Nami leo nimeinua turubai langu na kuingiza pua kama mlivyosema. Nimetoka nakohoa. Haya, banda langu halina dirisha, hayo matundu ya hewa natoboa upande gani?

BandaKavu
Juu kabisa, chini kidogo ya ukingo wa paa ili mvua isiingie, na uwe ule upande ambao upepo hautokei. Toboa matatu au manne, kisha bandika wavu kwa nje panya wasipite.