Kura ya posta na kura ya muda kwa mtu mmoja: je, amepiga kura mara mbili?

Mkazi wa Makorora, Tanga

Assalaamu aleikum ndugu zangu. Mama yangu mdogo ni mzaliwa wa hapa Tanga, lakini anaishi Columbus katika jimbo la Ohio, na amekwisha kuwa raia wa Marekani. Katika uchaguzi wa Novemba 2024 aliomba karatasi ya kura ya posta, akaijaza na kuituma. Siku zikapita bila taarifa kwamba bahasha yake imepokewa, naye kwa kuhofia kura yake isipotee akaenda kituoni siku ya uchaguzi, akawaeleza makarani kila kitu. Hawakumrudisha, lakini pia hawakumpa karatasi kama wenzake waliokuwa kwenye foleni. Walimpa wanachokiita kura ya muda, akaijaza, ikafungwa ndani ya bahasha yenye jina na saini yake. Baadaye akapata habari kwamba ile bahasha ya posta nayo ilikuwa imefika.

Tangu siku hiyo hapati usingizi, na hapa nyumbani nasi hatuna raha, kwa sababu mzee mmoja barazani ametuambia kwamba kupiga kura mara mbili Marekani ni kifungo cha miaka mitano. Naomba mwenye ujuzi anijibu: je, amevunja sheria? Na je, yawezekana kura zote mbili zikahesabiwa?

Karani wa zamani wa kituo

Wa aleikum salaam. Niliwahi kuwa karani mwongozaji wa wapiga kura hapa Tanga Mjini, na nadhani hofu yenu inatokana na mazoea yetu. Kwetu hakuna kura ya posta. Mtu hupiga kura katika kituo alichojiandikisha, jina lake likiwa kwenye Daftari la Kudumu, na akimaliza hupakwa wino kidoleni, kiasi kwamba akijaribu kituo kingine kidole chake kinamsema. Mtu aliyetuma kura kwa barua kidole chake ni cheupe, kwa hiyo ni haki kuuliza makarani wa kule wanamtambuaje. Hilo nawaachia waliokaa huko.

Mrejea, Chumbageni

Ndugu yangu wa Makorora, mtulize mama yako mdogo. Nimeishi Marekani miaka mingi, na mimi mwenyewe nimewahi kupewa kura ya muda, kwa hiyo naeleza jambo ninalolijua.

Baada ya vurugu za kuhesabu kura za Florida mwaka 2000, Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2002 iliyoagiza kwamba mtu anayesema ana haki ya kupiga kura, lakini jina lake halionekani daftarini au haki yake ina shaka, asirudishwe mikono mitupu bali apewe kura ya muda. (North Dakota halikubanwa na agizo hilo, kwa kuwa jimbo hilo halitaki mtu ajiandikishe kabla ya kupiga kura.) Huko Ohio, mtu aliyeomba kura ya posta kisha akatokea kituoni hupewa kura hiyo ya muda, na sababu yake ni ile ile inayomnyima mama yako usingizi: kuzuia mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

Kura ya muda haihesabiwi usiku ule wa uchaguzi. Inabaki ndani ya bahasha yake hadi maafisa wa kaunti watazame kumbukumbu zao, ambamo kila bahasha ya posta iliyorudi imeandikwa kwa jina la mwenyewe na saini yake imelinganishwa na iliyomo kwenye daftari. Wakikuta ya posta imefika kwa wakati na ni halali, hiyo ndiyo inayohesabiwa, na ile ya muda haifunguliwi. Wakikuta ya posta haikufika, ndipo wanafungua ya muda na kuitenga karatasi na bahasha, ili asijulikane amemchagua nani. Mwulize pia kuhusu maelezo aliyotia saini pale kituoni: yanasema wazi kwamba ikibainika amekwisha kupiga kura katika uchaguzi huo, kura hii haitahesabiwa.

Mzee wa barazani hakukosea kuhusu adhabu. Sheria ya taifa inataja kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi dola 10,000, au vyote viwili. Lakini mama yako hakujificha. Aliwaambia makarani kwamba ametuma ya posta, nao wakamwelekeza kwenye utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu wa hali yake.

Binti wa Pongwe

Nakushukuru kaka Mrejea, ila naona umeusifu mno utaratibu huo. Udhaifu wake ni huu: bahasha ikishafunguliwa na karatasi kuchanganywa na nyingine, haina jina, na hakuna awezaye kuirudisha. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu wengi wa Georgia waliomba kura ya posta kwa uchaguzi wa mchujo wa Juni. Takriban 150,000 kati yao wakaenda vituoni, na wengi wakafutiwa ile ya posta kama inavyotakiwa. Lakini mwezi Septemba Katibu wa jimbo hilo, Brad Raffensperger, alitangaza kwamba watu wapatao 1,000 walikuwa wamepiga kura mara mbili. Alisema matokeo hayakubadilika. Hata hivyo, watu 1,000 si wachache, na waligundulika baada ya kura zao kuhesabiwa.

Mwezi huo huo, akiwa Wilmington, North Carolina, Rais Donald Trump aliwahimiza watu watume kura kwa posta kisha waende vituoni ili kuupima mfumo. Mkuu wa tume ya uchaguzi ya jimbo hilo, Karen Brinson Bell, akalazimika kuwakumbusha wananchi kwamba kupiga kura mara mbili ni kosa la jinai. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mfumo ukishapimwa hivyo, anayesimama mahakamani ni yule mwananchi wa kawaida aliyetii.

Mrejea, Chumbageni

Dada, kuhusu Georgia nakubali. Ila tazama kwamba kura iliyofungwa bahashani hadi ihakikiwe isingeweza kuhesabiwa mara ya pili. Hatari inaingia pale karani anapompa mtu karatasi ya kawaida bila kuhakikisha kwamba ile ya posta imefutwa. Ndugu wa Makorora, mama yako alipewa maelezo ya namna ya kufuatilia kura yake. Ile sheria ya 2002 inawalazimu kumweleza, bila malipo, kama kura yake ya muda ilihesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa nini. Apige simu.

Mkazi wa Makorora, Tanga

Amepiga. Kura ya posta imehesabiwa, na ya muda haikufunguliwa kwa sababu ya hiyo ya kwanza. Mwanzoni neno "imekataliwa" lilimwumiza, akadhani ni yeye aliyekataliwa, mpaka nilipomsomea majibu yenu yote kwa simu. Anawasalimu sana. Anasema mara nyingine ataipeleka bahasha yake kwa mkono kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, siku nyingi kabla ya uchaguzi.