Tupeane uzoefu: pambano la mieleka ulilolirudia ukubwani

Wakuu, habari za jioni. Sisi tuliokua miaka ya tisini tuliiangalia mieleka ya Marekani kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, kanda inakwaruza, na ubishi uleule kila Jumamosi: wanapigana kweli au wanaigiza? Leo tunajua mshindi hupangwa kabla. Kwangu utamu ulianzia hapo, maana sasa naangalia kazi yenyewe. Kila mmoja alete pambano alilolirudia na alichokiona safari hii.

Naanza na Hulk Hogan dhidi ya André the Giant, WrestleMania III (WrestleMania ndiyo onyesho lao kubwa la kila mwaka), Machi 29, 1987, pale Pontiac, Michigan. Utotoni macho yangu yote yalikuwa kwa Hogan. Mwezi uliopita nimemwangalia André peke yake tangu kengele ya kwanza. Alikuwa anaumwa mgongo, alishafanyiwa upasuaji, na ndani ya lile vazi jeusi alivaa kifaa cha kuushikilia. Hatua zake ni fupi, akigeuka anageuka mwili mzima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Lile kumbatio refu, ambalo tuliamini anamvunja Hogan mbavu, sasa naliona kama pumziko la mgonjwa. Kimieleka pambano linaburuta, siwezi kulipamba. Ila Hogan anapomnyanyua na kumbwaga, mwenye kazi kubwa ni anayebwagwa: zaidi ya kilo 200, mgongo mbovu, na anakubali kuangushwa mbele ya uwanja mzima ili mwenzake awe shujaa. André alifariki Januari 1993 akiwa na miaka 46. Nililia kidogo, sifichi.

Mdau wa Tanga: Mkuu, usiku huohuo Ricky Steamboat na Randy Savage waligombea mkanda wa Intercontinental, ule wa pili kwa ukubwa. Hazifiki dakika 15, lakini hakuna pumzi iliyopotea. Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua mapema na kuikariri, na ukijua hilo unaona jinsi kila kitu kinavyodondokea mahali pake. Sisi tulikuwa tunapeleka kanda mbele ili tumfikie Hogan. Najuta mpaka leo.

Mdau wa Mombasa: Langu ni Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, mwaka 1997, karibu na Chicago. Bret amemkunja miguu kwa ile Sharpshooter yake, Austin uso umejaa damu, inapita hadi kati ya meno, na bado hasemi basi. Akazimia, refa Ken Shamrock akasimamisha. Zamani nilijua tu kwamba Bret kashinda, kwisha. Niliporudia nikawaangalia watu jukwaani. Mshindi anazomewa. Aliyeshindwa anakataa kushikwa mkono, anaondoka akichechemea, na ukumbi wote ni wake. Wamebadilishana nafasi, shujaa kawa adui na adui kawa shujaa, na hakuna aliyeshika kipaza sauti kutueleza.

Dada wa Mwanza: Mimi naleta nisiloweza kulimaliza. The Rock na Mankind, kwenye onyesho la Royal Rumble, Januari 1999, lile ambalo lazima mmoja atamke kwamba amekubali kushindwa. Kaka zangu walilipenda mno. Wiki ileile mmoja akanipiga na kigoda sebuleni, kovu ninalo juu ya nyusi, nyuzi nne. Mwaka jana nimelirudia. Mankind, yaani Mick Foley, amefungwa pingu mikono nyuma. Mtu akiona kiti cha chuma kinakuja huinua mikono kujikinga. Yeye anayo wapi? Anapokea kwa kichwa mara 11. Mke na watoto wake wadogo walikaa karibu na ulingo wakilia kwelikweli. Halafu ile sauti ya kusalimu amri ilikuwa rekodi, mwenyewe keshalala. Wenye mchezo, kampuni ya WWE, walipiga marufuku kupigana viti vya kichwa mwaka 2010. Walichelewa sana.

Mdau wa Tanga: Pole sana dada. Kwa hiyo lifutwe?

Dada wa Mwanza: Hapana kaka. Mwanangu akiangalia nakaa naye, namwonyesha zile pingu.

Mdau wa Dodoma: Wakuu, nina zoezi. Chukueni The Rock na Hogan, WrestleMania X8, Toronto, Machi 2002, mzime sauti. Mtaona mtu wa miaka 48 anajikokota, ngumi za kawaida, hakuna kipya. Kisha washeni sauti. Hogan ameletwa kama adui, lakini watu wa Toronto wamegoma: wanamshangilia yeye, wanamzomea Rock, na wale wawili wanasikia na kubadilika palepale. Ipo sehemu ya mwanzoni, hawajagusana, wanatazamana tu, halafu wanageuza vichwa polepole kuuangalia umati. Jana usiku nimeirudia sehemu hiyo mara tatu, sauti juu, mpaka nyumba nzima ikaamka.