Ushauri: filamu ya kutisha ya staili ya "mkanda uliookotwa", kamera itikisike mwanzo mwisho?

Kijana wa Mkonge:
Wakuu, salaam. Tuko Tanga, vijana watatu, tunataka kutengeneza filamu fupi ya kutisha. Vifaa ni simu mbili, maiki ya kubana shatini na taa ya kuazima. Hadithi: wanafunzi wa chuo wanaenda kurekodi kazi ya darasani kwenye jumba bovu la meneja wa zamani wa shamba la mkonge. Hawarudi. Baadaye simu yao inaokotwa, na filamu nzima ni kile kilichokutwa humo.

Mpiga picha wetu anataka picha itikisike mwanzo mpaka mwisho. Anasema ndiyo uhalisia, na itaficha kwamba hatuna bajeti. Mimi filamu za hivi nimezichoka, nyingine nazima kabla ya nusu. Ila nikikumbuka iliyowahi kunikosesha usingizi, nayo ilikuwa ya staili hiyohiyo. Waliowahi kushika kamera, naombeni mawazo.

Fundi Lenzi:
Mkuu, mwenzio ameona nusu. The Blair Witch Project ya 1999 ilipigwa kwa hela ya mawazo, makumi ya maelfu ya dola tu, ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Tangu hapo kila mtu akadhani siri ni kutikisa mkono. Wale waigizaji walishika kamera wenyewe porini Maryland, waongozaji wakiwaachia maelekezo kwenye vikopo na kuwapunguzia chakula siku hadi siku. Wanapogombana kwa sababu ya ramani, ile hasira si ya kuigiza tu, kuna njaa ndani yake. Mkono unatetemeka kwa sababu mwenye mkono amechoka. Mpiga picha wenu atakuwa ameshiba wali na samaki, anajitetemesha, na mtazamaji atamshtukia dakika ya kwanza.

Halafu wakati ule watu waliingia ukumbini wakiamini vijana wale wamepotea kweli, maana tovuti ya filamu ndivyo ilivyodai. Leo mtamdanganya nani?

Bi Sinema:
Mbona mnazungumzia kutikisa tu? Paranormal Activity ya 2007, Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa dola 15,000 hivi, na pale inapotisha zaidi kamera haisogei hata kidogo. Imesimamishwa chumbani, mtu na mwenzake wamelala, mlango uko wazi, saa inakimbia pembeni ya picha. Hakuna kinachotokea. Unaanza kuupekua ule mlango kwa macho, unaangalia korido, unaangalia shuka, na ndipo mlango unasogea, kidogo tu. Picha ingekuwa inarukaruka, nani angeona?

Mchana simu iwe mkononi. Usiku waiegeshe dirishani walale zao.

Baba Tatu:
Mke wangu alitapika kwenye ile ya dude linalobomoa New York. Sitaki hata kusikia habari hizi.

Daktari wa Mtaani:
@Baba Tatu hiyo ni Cloverfield, 2008. Kuna kumbi Marekani zilibandika tangazo la tahadhari mlangoni. Macho yanasema unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kwenye kiti, mwili unavurugikiwa. Kwa hiyo mleta mada, kwanza amua mtu ataionea wapi. Kwenye simu kichefuchefu hupungua kwa sababu picha ni ndogo. Kwenye skrini kubwa mtajaza watu chooni. Banda la video ndiyo msiliguse kabisa: filamu yenu inaishi kwa ukimya, na mtafsiri haruhusu ukimya hata sekunde tano.

Mkosoaji Mkuu:
Staili hii imeshakufa, tuizike. Jini linamfukuza mtu, yeye bado anarekodi! Kwa nini asitupe simu akakimbia?

Bi Sinema:
@Mkosoaji Mkuu swali zuri, na filamu ikikosa jibu lake ndipo inapoharibika. REC ya Wahispania, 2007, ilikuwa nalo. Ripota na mpiga picha wake wamefungiwa ndani ya jengo Barcelona, kurekodi ndiyo kazi yao. Mwishoni taa inapasuka, wamebaki na macho ya usiku ya kamera peke yake. Akiiweka chini, amekuwa kipofu. Kijana wa Mkonge, jumba lenu halina umeme. Simu iwe ndiyo tochi pekee waliyonayo. Hapo hatupi mtu kitu.

Kijana wa Mkonge:
Bi Sinema, hilo tumelichukua! Nimemsomea mpiga picha, amenuna kidogo kisha akaanza kuhesabu chaji itakavyokuwa inapungua. Mchana mkononi, usiku dirishani, mtikisiko tunauweka akiba mpaka tochi inapoanza kufifia. Swali la mwisho: upepo wa mashambani unanguruma kwenye maiki, maneno hayasikiki.

Fundi Lenzi:
Kata kipande cha sponji ya godoro, vika maiki. Kisha mkimaliza kila tukio, watu wote wanyamaze, rekodini jumba lenyewe dakika mbili: mabati, popo, mlango. Mtakapoediti mtazihitaji kuliko picha. Na mwenye jumba mmemwomba ruhusa?