Tupeane uzoefu: pamba ya BT inalipa kwa shamba la ukubwa gani?

Kijana wa Teso
Wakuu habari za jioni. Kila siku mtu anauliza kama pamba ya BT (ile ya GMO, iliyobadilishwa vinasaba ili iue funza yenyewe) inalipa na anajibiwa ndio au hapana bila hata kuulizwa shamba lake lina ukubwa gani, na mi naona hapo ndo kwenye jibu. Toka iruhusiwe hapa Kenya mwisho wa 2019 na mbegu kuanza kutoka 2020 kuna wenye robo ekari na kuna wenye ekari kumi na zaidi. Wekeni hesabu za shamba lako wewe, sio za kusikia.

Naanza mimi. Niko Busia, nalima nusu ekari. Pamba ya zamani tulikuwa tunapuliza dawa karibu kila wiki vitumba vikianza, na funza akishaingia ndani ya kitumba upulize usipulize humpati tena. Hii ya BT napuliza mara tatu au nne, na hizo ni za wadudu wengine kama vidukari na kangambili maana hao BT haiwagusi kabisa. Ukipasua kitumba unakuta kafunza kadogo kamekaukia palepale kalipoanza kutafuna. Ila kwangu pesa ya dawa sio ndo nafuu kubwa, nafuu ni maji. Pampu moja ni lita 20 na mto uko mbali, mama watoto ndo alikuwa anabeba kila tukipuliza. Msimu mzuri nilipata kilo 310, bei 52, kama elfu 16 hivi, na kuvuna tunavuna wenyewe jioni hakuna wa kulipa. Kinachoniumiza ni mbegu. Ni haibridi, huwezi kuweka ya msimu uliopita ukapanda, sasa ile ya kugawiwa ikichelewa mvua inapita na wewe unaangalia tu.

shamba_mpeketoni
Shukran kwa kufungua huu uzi. Mimi Lamu, ekari 12. Kwa mkulima wa kiasi changu hesabu inageuka kabisa. Dawa nimeokoa kweli, vibarua wa kupuliza nimepunguza zaidi ya nusu. Lakini pamba ikizaa sana lazima ivunwe na kuvuna ni mikono, hakuna mashine huku. Nilitoa karibu kilo 6,000, vibarua wanalipwa shilingi 10 kwa kilo, hapo 60,000 imeondoka kabla sijahesabu magunia, na mauzo yote kwa 52 ni 312,000. Yaani karibu moja ya tano ya mauzo inaenda kwa wavunaji. Na vibarua wakikosekana wiki mbili pamba iliyopasuka inakaa wazi, kangambili wanakuja wale wekundu, wanaacha madoa ya manjano kwenye nyuzi, ukifika kwenye mizani unaambiwa daraja la pili. Mwenye nusu ekari anavuna kila asubuhi umande ukikauka, yake inakua nyeupe pee. Kwa hiyo ndugu yangu wa Teso usione shamba kubwa ukadhani kila kilo inakulipa sawasawa.

Mama Mutheu
Kitui hapa, kikundi cha akina mama, kila mmoja na ekari moja au pungufu. Kitu ambacho hamjasema ni lori. Mnunuzi haji kuchukua magunia mawili ya mtu, anakuja mzigo ukijaa. Kabla hatujajiunga broka alikuwa anapita na mizani yake mwenyewe anatoa bei anayotaka, na ukikataa pamba inabaki nyumbani panya wanaingia. Sasa tunakusanya pamoja tunapima wenyewe kwanza. Mbegu ileile, mvua ileile, ila pesa mkononi imeongezeka. Mimi nawaambia wenye kishamba kidogo mbegu pekee haitoshi.

mwanamaswa
Salamu kutoka Simiyu. Sisi Tanzania BT hatulimi, tuko na mbegu za kawaida kama UKM08, tunakopeshwa mbegu na dawa halafu tunakatwa kwenye mauzo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Swali langu, huko mbegu inakopeshwa na nani mkulima mdogo akikosa cash? Maana naona bei ya mbegu ndo inamtoa mtu.

shamba_mpeketoni
@mwanamaswa umegusa penyewe. Someni habari ya Makhathini kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wakulima wadogo walianza BT 1998 na ndani ya miaka michache karibu wote walikuwa wameingia, sababu kampuni moja ilikuwa inauza mbegu, inakopesha na inanunua pamba. Akaja mnunuzi wa pili, watu wakampelekea yeye pamba na deni likabaki kule, mkopo ukafungwa, na pamba ikaporomoka pamoja na kwamba mbegu ilikuwa ileile inayoua funza.

Kijana wa Teso
Na Burkina Faso je? Walikuwa wanalima sana.

shamba_mpeketoni
Walianza 2008, kufika 2016 wakaanza kuiacha. Wakulima waliipenda wao wanalipwa kwa kilo, lakini nyuzi zikawa fupi na viwanda vinauza nyuzi, hasara ikakaa huko juu.

Mama Mutheu
Na lile jambo la kuacha sehemu ya pamba ya kawaida kwa ajili ya funza wasizoee sumu ya BT? India wameanza 2002 na funza wa pinki ameshazoea huko. Tuliambiwa asilimia 20 ya shamba, sasa kwenye nusu ekari ukitoa hiyo unabaki na nini?

Kijana wa Teso
Huku kwetu tumeongea majirani, yule wa mwisho upande wa mto anapanda ya kawaida kwa mistari mingi na sisi tunamchangia dawa yake. Inaenda vizuri mpaka sasa. Wa Baringo na Homa Bay hatujawasikia, wekeni hesabu zenu, hasa mliolipa mbegu kwa pesa zenu wenyewe.