Flashi imeniletea virusi: ninunue antivirasi gani ya kompyuta ya nyumbani?

Mwalimu wa Nkuhungu:
Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilipeleka mtihani wa kidato cha pili steshenari moja hapa Dodoma mjini kuchapa. Kurudi nyumbani nachomeka flashi, kila faili limegeuka shotikati. Kazi ya muhula mzima! Mashine ni Windows 10, ramu GB 4, na bando nanunua kwa kujibana. Ninunue antivirasi gani?

Fundi Makole:
Pole sana mwalimu. Tafadhali usifomati hiyo flashi! Mafaili yapo, yamefichwa tu. Na usitoe hela bado. Windows yako ina antivirasi yake ndani, inaitwa Defender, ya bure. Isasishe, iskani mashine nzima, kisha flashi. Ikishakuwa safi, fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kama flashi inasomeka E, andika amri hii ya kuyafichua mafaili:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza enta, usubiri. Antivirasi mbili kwa pamoja usiweke, kwa ramu hiyo mashine itakuwa nzito mno.

Mama Zuhura:
Naongezea. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine inakidhi vigezo, hamia 11. Na programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bure, achana nazo kabisa, virusi vingi hupitia humo.

Mwalimu wa Nkuhungu:
Jamani, asanteni sana! Defender imekamata virusi viwili, mafaili yamerudi, hadi ramani za Jiografia. Kuanzia sasa steshenari natuma PDF kwa barua pepe.