Wakuu, hii droni ya kukaa angani mwezi mzima ipo kweli au ni stori za kijiweni?

picha_za_harusi_mwz
Habari za jioni wakuu. Leo pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, tulikuwa tunasubiri mzigo wa dagaa toka visiwani ukachelewa, basi kijiwe kikachangamka, jamaa mmoja anasema jeshi la Marekani lilishaanza kutengeneza midege isiyo na rubani na maputo yenye injini ya kukaa juu wiki, mwezi, mpaka miaka mitano bila kutua, kazi yake kuchungulia chini tu. Mwingine akamkatalia, eti satelaiti zipo, puto la nini tena. Mimi nina kadroni kangu ka harusi, dakika 25 betri kwisha, na kale ka kwanza kalizama karibu na Jiwe la Bismarck bibi harusi anakaangalia hivi hivi. Sasa mwezi mzima inawezekanaje?? Na kama yapo si tufungiwe hata moja hapa ziwani litulindie injini za boti, wezi wa usiku wametuchosha.

fundi_redio
Mkuu jamaa yako hajadanganya ila kachanganya mafaili. Anza na satelaiti. Zile za kupiga picha safi ziko chini chini, zinaizunguka dunia kwa dakika kama 90, ikifika juu ya Mwanza inakatiza dakika chache imeshaondoka, na anayejua ratiba yake anafunika vitu vyake mpaka ipite. Zile zinazotulia sehemu moja ziko km 36,000 juu, toka kule mtumbwi wa Ukerewe hauuoni. Ndo maana majeshi yakataka kitu cha katikati, kiwe karibu na kisiondoke.

Global Hawk, droni kubwa ya upelelezi ya Wamarekani, iliruka mara ya kwanza 1998, inakaa juu zaidi ya saa 30 kwenye km 18 hivi. Lakini inakunywa mafuta, na ukitaka ikae zaidi unaongeza mafuta, mafuta ni uzito, uzito unakula mafuta, unazunguka hapo hapo. Hiyo ya miaka mitano ni mradi wa Vulture wa DARPA (wale wa utafiti wa jeshi la Marekani), Boeing ndo walipewa waiunde ya sola, 2012 ukafutwa ndege haijaruka hata siku moja.

Kapripoint_2
Uzi mzuri. Maputo je? Puto si linaelea bure?

fundi_redio
Linaelea bure ila halitulii bure. Upepo ukivuma lazima injini isukume kinyume, la sivyo linakwenda upepo unakotaka. Wamarekani walitengeneza moja linaitwa LEMV, urefu mita 91, mkataba wa mpaka dola milioni 517, lilitakiwa likae siku 21 juu ya Afghanistan. Likatoka zito kuliko mahesabu kwa zaidi ya tani 5, siku 21 zikawa nne tano. Likaruka mara moja Agosti 2012, mwaka uliofuata wakafuta mradi na kuwauzia tena Waingereza waliolisanifu kwa dola 301,000. Yaani laki tatu, toka milioni mia tano!! Hata mwaloni samaki wa jana hashuki bei hivyo.

Yaliyofanya kazi Afghanistan kweli kweli ni yale ya kufungwa kwa kebo, yana kamera, yamesimama juu ya kambi. Ila nayo kebo ikikatika ni balaa, Oktoba 2015 moja la rada lilichomoka Maryland, likaburuza kebo mpaka Pennsylvania linakata nyaya za umeme, maelfu ya watu gizani, lilipotua askari wakalipiga risasi mpaka gesi ikatoka 😂

Binti_Ukara
Kaka wa picha, hilo la kufungwa kwa kebo mlifunge wapi hapa? Sisi wa kisiwani tunalijua ziwa, mchana limelala kama maji ya beseni, ikifika usiku wa manane radi zinaanza katikati ya ziwa na upepo juu yake, wenye karabai wanakimbilia ufukweni. Puto la mita 70 usiku ule si litaokotwa Kisumu. Na huo usiku ndo wezi wako wanatembea.

Droni zenyewe siyo ngeni huku lakini. 2018 kulikuwa na majaribio ya kuleta dawa Ukerewe, km 60 kwa wastani wa dakika 40, watoto wakawa wanaikimbilia. Ila ile inakuja inaondoka, ya kukaa ni habari nyingine.

mzee_wa_sola
Dada kasema kweli, dawa yake ni kupanda juu ya hayo mawingu. Zephyr, droni ya sola ya Airbus, iko hivyo, mabawa mita 25 lakini uzito chini ya kilo 75, mtu mzima na begi lake tu. Inakaa kama km 20, mchana inachaji, usiku inaishi kwa betri. 2022 ilikaa siku 64 ikaja kuanguka Arizona.

fundi_redio
Mzee ongeza, rekodi imeshapita, 2025 imekaa siku 67 na ilirushwa toka Kenya hapo jirani.

mzee_wa_sola
Ahaa asante mkuu. Ndo nilikuwa naelekea huko, kwetu hapa karibu na ikweta jua ni saa 12 mwaka mzima, halina kiangazi wala baridi kama Ulaya ambako desemba betri ingekata kabla ya alfajiri. Tatizo ni kupanda na kushuka, ule wepesi unageuka adui. Helios, droni ya sola ya NASA, ilifika zaidi ya km 29 mwaka 2001, halafu 2003 ikakutana na msukosuko wa hewa karibu na Hawaii, mabawa yakajikunja ikavunjika vipande baharini. Na kwa kilo 75 unabeba kamera ndogo, rada ya maana sahau.

Kapripoint_2
Na puto likipanda km 20 kama hiyo Zephyr?

mzee_wa_sola
Kule hewa imebaki kama moja ya kumi na nne ya ya usawa wa bahari, kwa hiyo kubeba mzigo ule ule puto liwe kubwa mara kumi na nne. Heliamu, ile gesi ya kujazia puto, labda tuchote Rukwa 😅

picha_za_harusi_mwz
Nimewapata wakuu, kesho naenda kumsomea yule mbishi. Ila Binti_Ukara hujanijibu kitu, injini zangu nazilindaje?

Binti_Ukara
Ibebe begani ulale nayo ndani kaka, huku wote tunafanya hivyo. Na hako kadroni kibali cha TCAA, wale mamlaka ya usafiri wa anga, unacho?

picha_za_harusi_mwz
Tuongelee injini kwanza dada