Tupeane uzoefu: nani ameshazunguka mfereji wa Mabogini asubuhi, Kibo ikiwa wazi?

Mwana wa Bondeni
Wakuu, leo nimekutana na picha ya zamani kwenye simu: tuta la mfereji mkuu kule Mabogini, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote imo ndani ya jaruba la mpunga, kichwa chini. Nimeumia roho, mwaka wa tatu huu niko mbali na Moshi. Njia yenyewe mnaijua. Unashuka daladala, unafuata tuta hadi kwenye geti la kugawia maji, unavuka, unarudi kwa kukatisha majarubani. Kupanda hakuna hata hatua moja. Ni mwendo wa saa mbili, au tatu ukisimama kuwaangalia watoto wanaoamia ndege. Kila mtu alete lake.

Shemeji wa Rau
Siri ni muda. Mimi nafika saa kumi na mbili na nusu. Ikigonga saa nne mlima umeshajifunika.

Mangi wa Mgombani
Huo mfereji ni wa zege, umekamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani. Kutembea kando ya maji ni huku juu kwetu, kwenye mfongo, mfereji wetu wa jadi! Mababu waliuchimba kabla Mjerumani hajafika, ukafuata kingo za korongo hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, watu wanapokezana zamu. Usiku maji yanalala kwenye nduwa, bwawa dogo la kuyatunzia. Alfajiri mwenye zamu anafungua, na unayasikia yanakuja kabla hujayaona.

Shemeji wa Rau
Mangi, mwenye mada kasema njia nyepesi. Mama yangu ana magoti, huko atafika?

Mangi wa Mgombani
Atafika. Atapumzika kwa watu, atapewa ndizi. Na msisahau maji ya huko chini yanatoka wapi.

Mwana wa Bondeni
Hapo ndipo magomvi yalipoanzia. Watu wa juu walipoona mpunga unalipa nao wakafungua majaruba, sisi wa chini tukabaki kulinda maji usiku. Baba yangu amelala banioni, pale maji yanapochepushwa, mara nyingi, jembe kifuani.

Mama Wawili
Sikutaka kuandika, ila nimesoma "geti la kugawia maji" mikono ikaanza kutetemeka.

Mwaka juzi nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka saba. Tuta ni pana, nikamwachia mkono. Nilikuwa nimeinua simu nipige mlima. Nikasikia *chubwi*. Nageuka, naona kandambili moja juu ya zege. Kuta za ule mfereji zimelala kama paa la nyumba, na zina utelezi wa kijani. Kila akishika anateleza, na maji yanakimbilia getini. Nikaruka. Nimemkumbatia, lakini na mimi nikawa siwezi kutoka, miguu inaburutwa tu.

Ng'ambo kulikuwa na mzee anapandikiza. Hakupiga kelele hata moja. Alikimbilia getini kwanza, akalishusha, maji yakapoteza nguvu. Kisha akalala kifudifudi, mwanamke aliyekuwa naye akafungua khanga yake, wakatuvuta. Mwanangu anatetemeka, midomo imebadilika rangi, ananiuliza: "Mama, mlima umepiga?"

Sijarudi tena.

Kijana wa Pasua
Dada, pole sana. Nilikuja kuandika habari za kunyeshewa na mvua, nimeacha.

Mangi wa Mgombani
Pole, mama. Mungu amlipe yule mzee.

Nesi wa Zamu
Dada, mlipima kichocho? Konokono wake wanaishi kwenye mifereji kama hiyo. Ila mayai ya kichocho huonekana kwenye vipimo kuanzia wiki ya sita hivi. Ukipima kesho yake ni bure.

Kijana wa Pasua
Sisi tumekua tunaogelea humo. Tukitoka tunajipaka mafuta ya taa, mambo yamekwisha.

Nesi wa Zamu
Mafuta ya taa hayatibu kichocho, kaka. Utotoni hukuwahi kukojoa damu ukaambiwa umekua?

Kijana wa Pasua
Ndiyo, niliambiwa hivyo.

Nesi wa Zamu
Nenda kapime wiki hii.

Mjukuu wa Mwea
Jameni, huku Mwea pia tuna njia kama hiyo, Mlima Kenya ukiwa mbele yako. Guka wangu, yaani babu, alikuwa kati ya wafungwa wa Mau Mau waliochimbishwa mifereji ya kwanza kwa mikono, miaka ya 1950. Alipozeeka alitembea kando yake kila asubuhi, bila kuongea na mtu. Tulikuwa tunamfuata kwa mbali.

Shemeji wa Rau
Ushauri wangu: mtoto atembee upande wa jaruba, wewe upande wa maji. Na mvae viatu vya kamba.

Kijana wa Pasua
Tuta likilowa peku ni bora, kiatu kinateleza. Mbebe fimbo.

Mangi wa Mgombani
Fimbo ya nini? Mbebe khanga.

Mama Wawili
Nesi, tulipima, hakuwa nacho. Asanteni wote. Na yule mzee tulibadilishana namba. Amenipigia jana: wamesafisha mfereji, kandambili ya pili imekutwa kwenye tope la getini. Ameiosha, ameitundika mlangoni kwake. Binti anasema Jumamosi twende tukaichukue, ingawa haimtoshi tena.

Mwana wa Bondeni
Fikeni kabla ya saa tatu, mama.